Fundi wa skwea mita asiguse mikanda yako

Ntaanza na sauti. Kila siku kuanzia saa saba na nusu mchana mpaka kwenye saa kumi hivi, ukuta wa magharibi wa fremu zangu za biashara kule Nzuguni, Dodoma, unalia. Tik. Kimya. Tik tik. Dada wa saluni aliyepanga fremu ya mwisho alidhani ni panya akaweka sumu, baadae akaanza kusema kuna mtu anamtupia vijiwe, ikabidi nimwambie ukweli kwamba hakuna panya wala mchawi, ni saidingi, ile plastiki niliyovalisha ukuta, imepata joto inataka kujinyoosha na misumari imeibana haina pa kwenda.

Kwa wasioijua, saidingi ya vinaili ni zile bodi za plastiki za kuvalisha nyumba kwa nje, zinapandana kama magamba ya samaki, ukiwa mbali unaona kama mbao zilizopakwa rangi. Marekani zimejaa. Huku kwetu bado sana, sisi ni watu wa tofali, plasta na rangi, ila Dodoma tangu serikali ianze kuhamia 2016 kila mtu anajenga na kila mtu ana picha kwenye simu aliyoitoa Pinterest, na mie yangu ilikua hiyo, nikaipata ya rangi ya kijivu kilichokolea nikaona nimemaliza. Bibi yangu wa Chamwino kalelewa kwenye tembe, kuta za miti na udongo na paa la udongo vilevile, siku nimempeleka kuona akaigonga kwa kidole akauliza kwani mmekosa hata matope.

Sasa bodi zenyewe hazina kazi. Unapachika ya chini, unapachika ya juu yake, inalia tap, unapiga misumari unaendelea, hata mtoto wa kidato cha pili ukimfundisha asubuhi jioni anazipanga. Kazi iko kwenye mikanda. Kuna mkanda wa kuanzia chini, kuna nguzo za kona, kuna ule wenye umbo la herufi J unaozunguka madirisha na milango na kule juu karibu na paa, na mwingine wa kumalizia chini ya dirisha. Hiyo mikanda ndio inaficha ncha za bodi, ndio inapeleka maji pa kwenda, na inafungwa kabla ya bodi hata moja haijapanda ukutani. Ukikosea hapo huwezi kurekebisha mpaka uvue ukuta mzima, na hilo naongea nikiwa nimeshauvua.

Fundi wangu wa kwanza sio mtu mbaya. Ni fundi jipsamu mzuri tu, dari zake ukizitazama hujui zimeungwa wapi. Tulikubaliana malipo kwa skwea mita kama mafundi wote wa jipsamu na taizi, akaja mwezi wa saba, na mnaoishi Dodoma mnaujua mwezi wa saba, asubuhi upepo unakata masikio na saiti watu wamevaa majaketi mpaka saa nne. Akakata kila bodi ikaingia ndani ya mikanda ikagusa mwisho kabisa, huku na huku, kwa maelezo kwamba mende wasipate njia. Misumari akaipiga mpaka kichwa kikazama. Nikasimama pale na chai yangu nikimwambia kaza fundi, kaza vizuri. Yani mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mwezi wa kumi ulivyofika ukuta wa magharibi ukaumuka kama chapati kwenye kikaango.

Hesabu yake ni ndogo. Bodi ya futi 12 ni mita 3.66. Plastiki hii ikitoka nyuzi 15 za alfajiri ikafika 55 mchana, na ukutani kwenye jua la jioni kwa rangi iliyokolea inafika bila shida, weka kiganja uone kama utakaa nacho, inarefuka karibu sentimita nzima. Sasa kama ncha zote mbili zimegusa mwisho wa mkanda na misumari kumi katikati imekaza, hiyo sentimita inaenda wapi? Inatoka mbele. Inajikunja. Na usiku ikipoa inarudi, kesho tena, ndio ile tik tik ya dada wa saluni.

Nikampigia simu yule fundi jipsamu, akaja, akasema dada hili dogo, akachukua skrubu akazipiga usoni kwa bodi palipovimba kisha akajaza silikoni kwenye mikanda yote ya madirisha. Hii ndio dhambi kubwa kuliko zote. Ukipiga skrubu usoni umeifunga bodi pale milele, kwahiyo nguvu inahamia pembeni na ufa unaanzia kwenye tundu la skrubu, na mie ninazo nyufa tatu za kukuonyesha. Silikoni nayo inagandisha kitu ambacho kilitakiwa kuteleza.

Alafu Disemba mvua ya kwanza ya maana ikaja na upepo wake, maji yakaingia juu ya madirisha mawili, rangi ya ndani ikafura. Hapo sasa ndio nikatafuta ile karatasi ya maelekezo iliyokuja kwenye boksi. Nilikuta saidia fundi aliitumia kufungia karanga lakini michoro ilikua inaonekana bado, nikakaa nayo usiku, na nilichokiona ni kwamba hakuna hata mstari mmoja tuliofuata.

Lakini hasira yangu sio kwa yule kijana, hasira yangu iko kwenye malipo. Chukua ukuta wa mita nne kwa tatu, ni skwea mita 12. Weka dirisha la mita moja na nusu kwa moja na ishirini. Fundi anapima, anatoa dirisha, anabaki na 10.2, yani dirisha limempunguzia hela. Wakati hilohilo dirisha limemuongezea mita 5.4 za mkanda wa kukata na kufunga, kona nne za kukunja, na bodi za kutoboa kwa umbo la dirisha juu na chini. Sehemu ngumu kuliko zote kwenye ukuta ndio sehemu isiyolipwa. Ungekua wewe ungefanyaje? Ungekimbia, ungekata mikanda fasta fasta uwahi kule kwenye ukuta mtupu ambako hela ziko. Na sisi wenye nyumba tukitaka kupunguza bei tunabana hapohapo kwenye skwea mita, tunazidi kumsukuma akimbie.

Kwahiyo marekebisho nimelipa kwa siku. Na sikurudi kwa fundi jipsamu, nimemchukua kijana wa Kizota anaetengeneza madirisha ya alumini, na huu ndio ushauri wangu ambao najua mafundi wengine hawataupenda: mikanda ya saidingi mpe fundi alumini. Yule mtu maisha yake yote ni kukata nyuzi 45, na anajua toka moyoni kwamba fremu inaachiwa nafasi ndani ya ukuta, haigongwi na nyundo iingie. Fundi jipsamu amezoea akikosea anaziba na powda anapiga msasa. Hapa hakuna powda.

Nikampa ile karatasi ya karanga, akaisoma asubuhi nzima, tulivyovua tukakuta papi, zile mbao nyembamba za ukutani zinazopigiwa misumari ya bodi, ziko poa, zilikua zimewekewa dawa ya mchwa na ziko umbali wa sentimita 40 toka moja hadi nyingine, hapo yule wa kwanza alipatia. Nyuma yake tukatandika karatasi ya kuzuia maji ambayo mwanzo tuliruka tukidhani plastiki inatosha. Haitoshi, saidingi haizibi maji asilimia mia, kuna yanayopenya na lazima yakute kitu cha kuyateremsha chini.

Kukata sasa. Wa kwanza alitumia grinda na diski ya chuma, plastiki ikawa inayeyuka badala ya kukatika, ncha zikatoka na ndevu za kahawia. Huyu kwa vipande vidogo alitumia mkasi wa bati, na hafungi mdomo wa mkasi mpaka mwisho, anaishia karibu na ncha kisha anausogeza mbele, kwa sababu ukiufunga wote unaacha kovu kila unapofunga. Kukata kwa urefu anachora na kisu usoni, anakunja kwenda na kurudi mara mbili tatu, inakatika safi. Kwa mikato mingi alifunga kwenye msumeno wake wa umeme kile kisu chenye meno madogo madogo, na akakigeuza kinyume, meno yanaangalia nyuma. Nilidhani kakosea nikamwita, akanionyesha mchoro, ni kweli, meno yakiwa kinyume hayaing'ati plastiki ikapasuka. Ila miwani ya macho avae, vumbi lake linaruka vibaya.

Dirishani anaanza na mkanda wa chini, zinafuata pembeni mbili, wa juu unakua wa mwisho, hesabu ileile ya bati kwamba cha juu kinakaa juu ya cha chini. Ule wa juu anaukata mrefu kuliko dirisha, unazidi kila upande kwa upana wa mkanda wenyewe, usoni anakata nyuzi 45, halafu ile sehemu ya chini ya mkanda haitupi, anaikata pembeni inabaki kama ulimi, anaukunja unashuka ndani ya mkanda wa pembeni. Ulimi huo ndio wote. Maji yakitua juu ya dirisha yanafuata ulimi yanashukia pembeni. Yangu yote mawili yaliyovuja hayakua na ulimi, yalikatwa mraba yakawekewa silikoni.

Na misumari, hapa ndipo niliposoma upya. Kwenye mkanda kuna vitundu virefu. Msumari unakaa katikati ya kitundu, sio pembeni, unaingia umenyooka, na hauzami. Kijana wangu alitumia kadi yake ya benki, anaipitisha kati ya kichwa cha msumari na plastiki, ikipita bila kulazimisha anaenda unaofuata, ikigoma anauvuta kidogo. Kadi ya benki haifiki hata milimita moja, ndio nafasi inayotakiwa, imeniacha mdomo wazi jinsi kitu chenyewe kilivyo kidogo. Msumari uwe wa kutoshika kutu na uingie kwenye papi inchi moja na robo hivi. Kwenye mikanda anapiga kila sentimita 20 mpaka 30. Nguzo za kona ni tofauti kidogo, misumari miwili ya kwanza inapigwa juu kabisa ya kitundu cha juu kabisa ili nguzo ining'inie kama shati kwenye henga, iliyobaki yote katikati ya vitundu, na juu inaachwa milimita 6 isiguse dari ya nje. Bodi zikija nazo zinaachiwa milimita 6 kila ncha ndani ya mkanda. Kule Marekani kwenye baridi kali wanaacha mpaka 10, sisi hatuna baridi ya hivyo pamoja na majaketi yetu.

Kila akimaliza bodi moja anaishika kwa viganja viwili anaisukuma kushoto kulia. Inateleza, anaendelea. Siku ya kwanza nilivyoona inateleza moyo ulinishuka nikajua nimeibiwa tena, maana tumelelewa hivyo, kilichokazwa ndio imara, kinachocheza ni kibovu. Mume wangu alikuja jioni akaisukuma akauliza mbona imelegea, nikamwambia ndivyo inavyotakiwa, hakuniamini mpaka nilipomuwekea mchoro mezani.

Chini ya dirisha bodi ya mwisho inakua imekatwa juu kwahiyo haina kitu cha kujishikia, kuna koleo la kuitoboa masikio madogo kila sentimita 15 ing'ate ule mkanda wa kumalizia. Koleo hilo tuliazima, usinunue kwa nyumba moja.

Imemchukua siku nne kwa ukuta wa mbele na wa kaskazini, na siku mbili nzima kati ya hizo nne hakuna bodi iliyopanda, ni mikanda tu. Jirani akapita siku ya pili akacheka, dada huyo fundi wako analipwa kwa siku ndio maana hamalizi. Ndio, namlipa kwa siku. Mvua za Februari na Machi zilipita zote na juu ya madirisha pamebaki pakavu.

Wa magharibi sijaufikia. Hela iliisha, bodi tatu zenye ufa zinatakiwa zinunuliwe na rangi ile dukani hawana tena, labda nichukue nyeupe, ambayo hata joto haiivuti sana, ntaonekana nimeunga viraka lakini basi. Kijana wa Kizota amesema atakuja akimaliza kazi ya Iyumbu. Dada wa saluni sasa hivi anaitumia ile sauti kama saa, ikianza tu anajua muda wa kwenda kuchukua mtoto shule umefika.