Fedha za Kulinda Bahari Zifike Kabla ya Kaskazi

Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai, kusi inapovuma kwa nguvu na mashua nyingi za Lamu na Malindi haziendi mbali. Bahari hutulia kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi. Hapo wavuvi wa dago, wanaohama na kupiga kambi ufukweni, husafiri pwani nzima, na hapo ndipo doria za BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zinahitajika. Ruzuku ikizungushwa ofisini mpaka Februari, msimu umekaribia kwisha. 30 Juni nayo inakuja, na fedha ambazo hazijatumika zinadaiwa zirudishwe. Matokeo yake ni boti mpya iliyonunuliwa mbiombio mwezi wa Mei, bila petroli ya kuiendesha.

Tupige hesabu. Mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, ya kuchanganya oili na petroli, hula kama lita 15 kwa saa ikikimbizwa. Doria ya saa nne ni lita 60. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki 16 za kaskazi, ni lita 1,920. Oili, lita moja kwa petroli lita 50, ni zaidi ya lita 38. Oili ikisahauliwa kwenye bajeti, watu huchanganya kidogokidogo hadi pistoni inakwama. Halafu kuna impela, kile kigurudumu cha mpira kinachovuta maji ya kupoza mashine. Mchanga wa maji madogo huila meno, mashine inachemka, na boti inalala ufukweni msimu mzima kwa kukosa kipuri kinachoenea kiganjani. Hili linaniuma kuliko yote, maana linazuilika.

Jambo la pili ni mipaka. Ghuba ya Ungwana inaanzia Ras Ngomeni, Kaunti ya Kilifi, hadi Kipini, Tana River. BMU za upande mmoja zikipewa mafuta na wenzao wakose, juya, wavu wa kukokota, lililofukuzwa huku litakokotwa kule. Ibara ya 189 ya Katiba ya 2010 inaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja, kwa hiyo ombi la ruzuku liwe moja, na daftari la samaki liwe la namna moja. Diko moja, yaani pahali pa kushushia samaki, likipima samaki mzima na jingine likipima aliyetolewa matumbo, takwimu hizo hazijumlishiki. Nguru anayepita kaunti tatu hawezi kuhesabiwa hivyo.

Si kila kitu kinataka kamati kubwa. Pweza hukua upesi na hahami mbali. Kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, Lamu, kinaweza kufunga mwamba wake kwa miezi michache na kuona faida. Huko fedha kidogo za maboya na walinzi zinatosha.

Kwa doria za pamoja, mikataba isainiwe Agosti na awamu ya kwanza ya fedha ifike Oktoba, mashine ikiwa imeshahudumiwa na impela mbili za akiba zimo sandukuni.