Safari ya Mashua ya Tanga Ipangwe kwa Anayeogopa Maji

Tulikuwa watu 9 kwenye mashua moja ya tanga: mimi na mke wangu, watoto wetu 3, shemeji yangu, na marafiki 3 tuliosoma nao. Siku 6 baharini, maji ya vuguvugu, na ratiba niliyoiandika kwa mkono wangu: miamba 5 ya matumbawe ya kutazama kwa miwani ya majini na mrija wa kupumulia. Kosa la ratiba ile nimeliona kwa familia nyingi. Niliipanga kwa kuwafikiria wanaojua kuogelea tu.

Siku 2 za mwanzo shemeji hakushuka. Sisi tunaruka majini, yeye analinda mataulo na simu. Tukirudi tunamsimulia, anatabasamu, anasema, "Hongereni." Jioni ya siku ya pili binti yangu mdogo akamuuliza, "Mama mdogo, wewe leo uliona nini?" Akajibu, "Niliwaona nyinyi." Usingizi ulinipaa usiku ule.

Kulipokucha nikamwomba nahodha tuuache mwamba wa siku hiyo, atutafutie mahali penye mchanga mtupu na maji ya kifuani. Alikubali hata kabla sijamaliza kueleza. Mtu akishikwa na hofu majini, kitu cha kwanza anachotafuta ni pa kusimama, na kwenye mwamba pa kusimama ni juu ya matumbawe. Anachanika mguu, na matumbawe yanavunjika. Yale si mawe, ni wanyama wadogo walioshikamana, na aina nyingi za yale makubwa ya mviringo hukua sentimita 1 au 2 tu kwa mwaka. Ndiyo maana nahodha yeyote mwenye kujali hutia nanga mchangani, au hufunga kamba kwenye boya. Kumburuta mwoga hadi mwambani ni kuudhuru mwamba pia.

Tulianza bila mapezi ya miguuni. Shemeji alivaa jaketi la kuelea, nami nikavaa langu, maana sioni aibu yoyote katika jaketi, na wanaolicheka wanawafukuza wenzao majini. Akauma mrija, akainamisha uso tu, miguu ikiwa bado mchangani na mkono wake umenikaba kiganja. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu mrija hubakiza sehemu ya hewa uliyoitoa. Ukipumua juu juu unairudia hewa ileile, kifua kinabana, hofu inazidi. Nikamwambia atoe pumzi polepole hadi iishe, ndipo avute nyingine. Mara ya nne au ya tano kiganja changu kikaachiwa.

Jambo jingine mwambieni mgeni mapema: miwani hukuza. Samaki huonekana mkubwa kwa karibu theluthi, tena yuko karibu kuliko alivyo. Shemeji aliruka kwa kisamaki kisichozidi kidole, kwa kuwa mimi nilisahau kumwambia.

Na maji yawe vuguvugu namna gani, huuchukua ujoto wa mwili upesi mno kuliko hewa. Mtoto wa miaka 7 atakuambia hasikii baridi huku midomo inatetemeka. Mtoeni. Fulana ya mikono mirefu humsaidia kidogo kwa baridi na sana kwa jua, na hupunguza mafuta ya kujikinga na jua yanayoingia baharini. Hawaii ilipiga marufuku kuuza yale yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kuanzia mwaka 2021, kwa ajili ya matumbawe.

Ile kazi ya kukaa juu na kutazama tuliigawa zamu. Ni kazi ya lazima, kwani anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Ananyamaza tu, na aliyelala kifudifudi na mrija anafanana na mwenye kustarehe. Lakini isiwe ya mtu mmoja safari nzima kwa sababu tu hakusema kitu.

Miamba 5 ikawa 2. Rafiki mmoja alinung'unika, nami simlaumu, ila ningeipanga vilevile tena.

Siku ya 5 zamu ilikuwa yangu. Nilikaa tezini, nyuma ya mashua, nikihesabu mirija: 8. Mmoja ukageuka kuelekea mashua. Shemeji alishika ngazi, akavua miwani, alama nyekundu imemzunguka uso. "Shemeji, yule samaki wa kijani mwenye mdomo kama kasuku anasikika! Anatafuna mwamba, kru, kru, halafu anatoa mchanga nyuma!" Nikamwambia ni pono, yule yule tunayemsema kwa usingizi wake. Akacheka, akatemea mate kwenye kioo cha miwani, akakisugua kwa kidole kama mzoefu, akarudi chini.