Mlango Uliopigwa Rangi Usiku

Ukitaka kujua majirani zako wana elimu kiasi gani ya magari, tangaza kwamba unauza. Probox yangu ilikaa miaka nje ya nyumba pale Isevya, Tabora, bila mtu kuijulia hali. Neno la kuuzwa lilipotoka tu, hata mama wa vitumbua akawa na ushauri.

Shida ilikuwa sura. Injini nzima, gia nzima, haili oili, kadi ina jina langu. Ila mlango wa nyuma kushoto ulikuwa na mkwaruzo kutoka kwenye kitasa hadi karibu na tairi, na katikati yake bonde la kutosha kiganja. Hiyo ni kazi ya baiskeli ya mkaa. Jamaa alikuwa na magunia nyuma, breki yake ni ndala, na alianza kusema "pole kaka" kabla hajagonga, nikajua hapa hakuna cha fidia. Boneti nalo lilikuwa na vishimo vya maembe. Tabora miembe iko kila kona. Misafara ya kwenda Ujiji ilipita hapa karne ya 19, na wazee husema ndiyo iliyotuachia kokwa. Wao wakala maembe, boneti likabondeka langu.

Mama watoto akasema uza hivyo hivyo. Fundi akasema nipe laki mbili na nusu nikunyooshee, na wewe utapandisha bei laki tano. Dalali, mtani wangu Mzaramo, akanipigia simu: "Mnyamwezi, nyie kazi yenu kubeba mizigo, biashara tuachieni sisi. Mteja ninaye, nimemwambia kuna mkwaruzo, ametaja milioni tisa na nusu. Kesho asubuhi yuko hapo. Usiguse kitu!"

Nikapiga hesabu. Laki mbili na nusu itoke, laki tano iingie. Hesabu hiyo mpaka leo sijaona kasoro yake. Nikamwita fundi.

Alifika na kompresa juu ya bajaji. Bonde lilitakiwa ligongwe kutokea ndani, lakini ndani ya mlango kuna kioo na machuma yake, akaona kufungua ni usumbufu. "Tunajaza puti, bosi." Akajaza lile tope la kuzibia mabonde, akapiga msasa wa maji, akajaza tena, mlango ukanyooka kuliko ulivyotoka Japani. Kibati cha kwenye injini kiliandikwa 040, ile nyeupe ya Toyota, akaenda kununua rangi. Aliporudi na kuwasha kompresa, umeme ukakatika. Halafu mvua ikashuka, ya kwanza ya msimu. Tukalisukuma gari chini ya turubai, tukakaa tunatazamana.

Umeme ulirudi magharibi. Mama watoto akauliza si apulize kesho? Kesho mteja, nikamjibu. Nikawasha taa ya nje, ile kali niliyofunga kwa ajili ya wezi, fundi akapuliza. Ukapendeza, ukang'aa.

Wa Tabora wenzangu mmeshajua kilichofuata. Mvua ya kwanza, jioni, taa. Kumbikumbi.

Wa kwanza alitua chini kidogo ya kitasa. Akatembea hatua mbili, miguu ikanasa, akajitikisa, mbawa zikabaki kwenye rangi na yeye akabaki pembeni yake uchi, anashangaa. Nikacheka. Kisha ukaja ukoo mzima. Fundi akamfuta mmoja kwa kitambaa, akaacha mtaro. Akawapuliza kwa hewa, waliokuwa juu ya rangi wakazama ndani. "Zima taa!" Nikazima. Tukawa gizani na mlango mbichi, na papo hapo watoto wa mtaa wakaingia na ndoo na tochi za simu, maana kumbikumbi ni kitoweo, hakuna wa kuwaacha eti kwa sababu wamekaa kwenye gari la mtu. Mmoja, mtoto mwenye adabu zake, aliniona akasimama kabisa. "Shikamoo baba," akasema, huku ameegemea mlango.

Asubuhi nilikuta mbawa, mitaro na viganja vidogo vimekaukia pale. Juu ya hayo, gari lenyewe lilishafifishwa na jua la miaka, rangi mpya ikakataa kufanana nalo: mlango umevaa wa kwenda harusini, gari zima linakwenda shamba.

Mteja alikuwa mzee wa Sikonge, mfanyabiashara wa asali, anatafuta gari la kubebea ndoo zake. Injini hakuiuliza. Alitoa mfukoni sumaku ya spika kuukuu, akaiweka kwenye boneti. Kak! Ikashika. Akaiweka mlangoni. Ikateleza, ikaanguka juu ya kandambili yangu.

"Humu kuna nini?"

"Kabonde kadogo tu mzee, ka baiskeli."

"Baiskeli," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyelea wajukuu. "Mkwaruzo ningeuona, ningeukatia bei yake, tukamaliza. Huu mmeufunika usiku, na wadudu juu. Ilipinduka hii?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu, mlango na mkwaruzo wake. Akaniambia Probox nyeupe zimejaa mjini, atajuaje kama ni hii? Ikabidi mama watoto atoke jikoni kuapa kwamba baiskeli ya mkaa aliiona kwa macho yake, ndipo mzee akalegea. Akapapasa tena vishimo vya boneti, kimoja kimoja, kwa mapenzi. "Haya ya maembe ndiyo yananifanya nisiondoke," akasema. "Hapa hakuna fundi aliyepita."

Tukafunga milioni nane na laki tatu.

Jioni dalali akaja kuchukua chake, amepiga hesabu ya kamisheni kwa milioni tisa na nusu. Nikamwambia mtani, gari limeuzwa nane na laki tatu. Akatikisa kichwa.

"Mimi nilikuletea mteja wa tisa na nusu. Huyo wa nane na laki tatu mmemleta wewe na kumbikumbi wako, kamisheni yake gawaneni."