Usiniandikie "Wastani", Niandikie Mita

"Ngazi: wastani. Inafaa kwa wote." Matangazo mengi ya matembezi ya kikundi yanaishia hapo. Juu kuna picha ya kilele, chini kuna orodha ya kubeba maji, kofia na viatu vizuri. Kilomita ngapi? Kimya. Tunapanda mita ngapi? Kimya. Watu 12 wanajiandikisha, na kila mmoja ana wastani wake kichwani. Anayekimbia kila asubuhi anategemea siku ya kunyoosha miguu. Anayeshinda kwenye kiti anategemea matembezi ya jioni yaliyorefushwa kidogo. Saa 8 mchana watakuwa kwenye mteremko mmoja, wa kwanza ameketi anasubiri, wa pili magoti yanatetemeka na bado hajafika nusu ya njia ya kushuka.

Jambo hili linaniudhi kwa sababu dawa yake haina gharama. Ni tarakimu chache ambazo mwandaaji yeyote aliyeipita njia anazo tayari kwenye simu yake, halafu anaziacha huko na kuandika neno moja.

Tena neno lenyewe anaandika kiongozi, mtu ambaye hisia zake ndizo zinazoaminika kidogo kuliko za wote. Njia anaijua. Anajua kilima kile kinakoishia, kwa hiyo hakimvunji moyo. Mwili wake umezoea. Alipoipita mara ya mwisho alikuwa na rafiki mmoja mwepesi, na alisimama mara mbili tu. Anachoandika ni jinsi yeye alivyojisikia siku ile, kisha watu wasiofanana naye wanakipokea kana kwamba ni kipimo.

Vipimo vya kweli vipo, na ni vizuri, ila lazima ujue kinapimwa nini. Wapandaji wa Marekani wana mfumo wa Yosemite: daraja la 1 ni kutembea tu, la 2 ni ardhi mbaya, la 3 unaanza kutumia mikono, la 4 kamba inafaa kuwepo, la 5 ni kupanda mwamba kwa ufundi na kamba. Chama cha wapanda milima cha Uswisi kina ngazi za T1 hadi T6 kwa watembeao kwa miguu. Watu huikopa namba kutoka kwenye mifumo hii na kuibandika kwenye tangazo, wakidhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Namba hizo hueleza ardhi, yaani jinsi mguu unavyokanyaga mahali pagumu. Hazisemi siku ina urefu gani. Njia tambarare ya kilomita 30 ni daraja la 1, na itawalaza chini nusu ya kikundi chako.

Kwa hiyo yaandikwe mambo matatu, kila moja peke yake. Kwanza jumla ya siku: urefu, kupanda, kushuka, muda. Pili, mahali pagumu kuliko pote: ni nini hasa, na pako wapi. Tatu, mtu akikosea pale kitampata nini. Hili la tatu husahaulika mno. Gogo lililolala juu ya kijito cha kina cha kifundo cha mguu, na gogo la unene uleule juu ya korongo la mita 6, hatua zake ni zilezile. Kwenye la kwanza utalowesha soksi. Ukiyaita yote mawili "kuvuka gogo, rahisi", hujampa msomaji anachohitaji ili aamue kama aje.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vikundi vinapopotea. Kanuni maarufu ni ya Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892. Ukiigeuza kwa vipimo vyetu inakuwa takriban saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua njia ya kilomita 14, kwenda na kurudi, yenye kupanda mita 700. Kilomita zinakupa saa 2 na dakika 48, kupanda kunaongeza saa 1 na dakika 10. Jumla haifiki saa 4. Naismith alikuwa akiwafikiria watu wenye miili imara, wasiosimama.

Kipimo cha Kijerumani, DIN 33466, kina huruma zaidi: kilomita 4 kwa saa, mita 300 za kupanda kwa saa, mita 500 za kushuka kwa saa. Unahesabu muda wa umbali, unahesabu muda wa kupanda na kushuka, unachukua ulio mrefu na kuongeza nusu ya ulio mfupi. Kwa njia yetu umbali ni saa 3 na nusu. Kupanda na kushuka ni saa 3 na dakika 44. Chukua huo wa pili, ongeza saa 1 na dakika 45, unapata karibu saa 5 na nusu. Njia ni ileile, na tayari tumeongeza saa moja na nusu kwa sababu tumepunguza mwendo na kukubali kwamba kushuka nako kunakula muda.

Lakini huyo bado ni mtu mmoja. Weka watu 12. Mapumziko ya dakika 5 kila saa hayawi dakika 5, kwa sababu kupumzika kunaanza pale mtu wa mwisho anapoketi. Hesabu dakika 10, mara 5, ni dakika 50. Chakula dakika 40. Kuna kijito cha kuvuka kwa kurukaruka mawe: mtu mmoja, kwenda na kurudi, anatumia dakika 2, watu 12 wanaopita mmojammoja wanatumia 24. Umefika karibu saa 7 na nusu za safari, na hakuna aliyeteguka mguu wala aliyesahau fimbo yake kwenye kituo cha nyuma. Kama jua linazama saa 12:30 jioni na unataka wote wawe chini saa nzima kabla ya hapo, lazima mwanze kutembea si zaidi ya saa 4 kamili asubuhi. Tangazo likisema tukutane saa 5 na tuondoke tukikamilika, limeshapanga watu wateremke gizani.

Na hilo la mtu wa mwisho nalisisitiza, kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Walio mbele wanatangulia, wanafika kwenye kivuli, wanakaa, wanakunywa maji, wanasubiri. Wa mwisho anafika anahema. Walio mbele wanasimama, "haya, tumekamilika, twende." Walio na nguvu wamepumzika dakika 12 na aliyechoka hajapumzika hata moja. Rudia hivyo mara tano na unaye mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi, hajala kwa sababu anaona aibu kuwachelewesha, na hanywi maji kwa sababu kuyatoa kwenye begi kunamchelewesha zaidi. Akianguka kwenye kushuka, watasema hakuwa fiti. Alikuwa fiti kwa njia hiyo, kama angepewa mapumziko aliyopewa kila mtu mwingine. Dawa ni kumweka mtu mwenye uzoefu nyuma kabisa, asiyempita yeyote, na saa ya mapumziko ianzwe na yeye. Na ugumu upimwe kwa kasi ya huyo wa mwisho tangu siku ya kuandika tangazo.

Kuhusu kupanda kwenyewe, usitoe kimo cha mwanzo kwenye kimo cha kilele ukadhani umepata jibu. Kilele kinaweza kuwa mita 500 juu ya mnapoanzia, lakini njia ikashuka mabonde mawili ya mita 100 kila moja. Mnapokwenda mmepanda 700. Mnaporudi mabonde yaleyale yanawadai 200 nyingine. Jumla ni 900, karibu mara mbili ya ulichoandika. Tazama pia kupanda kwa kila kilomita: mita 50 kwa kilomita hata mgeni ataongea huku anatembea, 100 mazungumzo yanakatika, 150 na kuendelea kikundi kinavunjika vipande. Simu nazo zisiaminiwe moja kwa moja, maana mawimbi ya setilaiti yakiyumba kidogo simu inahesabu vilima ambavyo havipo. Linganisha na mistari ya kimo kwenye ramani.

Umbo la njia nalo ni sehemu ya ugumu, na sijui kwa nini haliandikwi. Njia ya kwenda na kurudi unaweza kuikatisha popote: mtu akichoka anageuka na msaidizi wake. Njia ya mzunguko, ukishafika nusu, kurudi na kuendelea ni sawa tu. Njia ya kutoka sehemu moja kwenda nyingine, huku gari likisubiri upande wa pili, haina huruma kabisa. Mbaya kuliko zote kwa wageni ni korongo. Mlimani mchovu anajijua mapema, wakati wa kupanda, na kurudi ni kuteremka. Korongoni unashuka asubuhi ukiwa na nguvu na kuna ubaridi, kila mtu anacheka, halafu kupanda kunakusubiri mchana, jua la utosi, maji yamebaki robo chupa. Korongo la kupanda mita 400 nalipa ngazi moja juu ya mlima wa mita 400, bila kusita.

Majini mambo ni mengine. Kipimo cha kimataifa cha mito yenye maporomoko kina madaraja sita, na chenyewe kinaagiza kwamba maji yakiwa baridi, au mto ukiwa mbali na msaada, uachwe mwanya mkubwa zaidi wa usalama kati ya uwezo wenu na daraja la mto. Wengi huisahau sehemu hiyo. Wanasahau pia kwamba daraja ni la kina fulani cha maji: mvua kubwa juu mtoni usiku, na mto wa daraja la II si wa daraja la II tena asubuhi. Ziwani, kwa kayaki au mtumbwi, ugumu ni upepo. Mawimbi yakianza kuvunjika kwa povu jeupe kila upande, uko kwenye nguvu ya 4 ya Beaufort, kipimo cha upepo, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, na kikundi cha wanaojifunza kibaki ufukweni. Upepo unaotoka nchi kavu ndio wa kuogopa zaidi, kwa kuwa ukingoni maji yanaonekana shwari, na aliyechoka anasukumwa mbali.

Baiskeli: andika ardhi kabla ya umbali, kwa sababu kilomita 20 za mchanga ni nzito kuliko 40 za lami. Kulala porini: andika uzito wa begi. Kimo kikubwa: juu ya mita 2,500 ugonjwa wa kimo haumbagui aliye fiti, na juu ya mita 3,000 ushauri wa kawaida ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ratiba inayovunja hilo ni ngumu, hata kama njia ni laini namna gani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba neno moja lina kazi yake. Mtu anapita haraka kwenye simu, anataka kujua kama asome zaidi au la. Basi liwekwe, lakini mstari unaofuata uwe tarakimu. Tena lisiwe wastani wa mambo yote. Njia fupi, ya kivuli, yenye mita 10 za ukingo mwembamba wa kuua si "wastani" kwa sababu rahisi na ngumu zimekutana katikati. Jambo gumu kuliko yote ndilo linaloweka ngazi, na hayo mengine hayana uwezo wa kuishusha.

Nakubali pia kwamba tarakimu peke yake hazimsaidii asiyezizoea. Mita 600 hazimwambii kitu. Mwambie ni kama kupanda ngazi za ghorofa 200, na ataelewa papo hapo. Na usimwulize "uko fiti?", kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Muulize ni lini mara ya mwisho alitembea saa 3 mfululizo. Muulize kama anaweza kupanda ghorofa 10 bila kusimama kisha akaongea sentensi nzima. Muulize kama magoti yanamsumbua wakati wa kushuka, maana wengi wanaopanda vizuri huumia kwenye kuteremka, misuli ya paja ikiwa imeshakwisha. Muulize kutazama chini kutoka mahali pa juu kunamfanyaje. Majibu hayo manne yatakuambia zaidi ya picha zake zote za mazoezi.

Siku ya safari, kiongozi awe na saa ya kugeuka, iliyotangazwa asubuhi mbele ya wote. Kilele kikiwa hata dakika 20 mbele, saa ikifika mnageuka. Mkishafika chini, andika muda ambao mtu wa mwisho alivua begi lake, si muda uliofika wewe. Ukiona umezidi ulichotangaza kwa zaidi ya saa moja, badilisha tangazo usiku huohuo, kabla uchovu haujasahaulika na neno "wastani" halijaanza tena kuonekana sahihi.