Nimelipa Hela Kwenda Kutetemeka Lushoto

Hivi nani aliyewaambia watu kwamba ukichoka dawa yake ni kupanda mlima? Mimi nikichoka nalala. Godoro langu liko Mbagala na halina kiingilio. Lakini mama Zawadi aliona picha ya shoga yake kasimama juu ya jabali, mawingu yako chini ya miguu, basi nyumba haikukalika tena. "Baba Zawadi, na sisi tukabadilishe hewa." Hewa ya Mbagala imetukosea nini?

Haya. Kutoka Mbagala hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi ni safari ambayo kwa haki ingetosha kuitwa likizo, lakini hapo ndiyo kwanza hujaanza. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Mombo kuna joto la heshima kabisa. Nikashuka, nikanunua machungwa, nikafungua vifungo, nikamwambia mama watoto tumefika, tutafute gesti. Akanitazama tu.

Mombo hadi Lushoto ni kilometa 30 na ushei, na kona zake sijui nani aliziweka zote sehemu moja. Unaona gari linapita juu ya kichwa chako, unajiuliza lile linaenda wapi, kumbe ndiko unakokwenda na wewe. Mama aliyekaa pembeni yangu akaanza kumeza mate. Konda, mzoefu, akamrushia mfuko bila hata kugeuka. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya rambo, lakini tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Mimi mazingira nayapenda, sina neno. Ila aliyebuni huu mfuko mbadala wenye vitundu hajawahi kupanda Costa ya Lushoto. Sisemi zaidi, kuna watu wanasoma huku wanakula. Suruali yangu ya kaki ni shahidi.

Tukafika. Mji uko mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na sisi tumeuendea mwezi wa saba, kipupwe chenyewe. Gesti wakatuambia maji ya moto yapo. Ni kweli yapo, ila bombani hayapo. Yako jikoni, yanakuja kwa ndoo, na ndoo ina foleni. Jioni nikavaa kila nilichobeba, nikajifunika na kitenge cha mama Zawadi gubigubi, nikatoka kununua vocha. Watoto wa pale wanapita na kaptula, pekupeku, hawana habari. Mmoja akaniinamia kwa adabu: "Shikamoo bibi." Nikaitika. Ningefanyaje?

Kwenye chakula ndiyo nilijipa moyo. Kabichi, karoti na hoho tunazonunua Dar nyingi zinatoka milima hii, nikasema leo nitakula mboga mpaka zinikome. Menyu: chipsi mayai, chipsi kuku, chipsi kavu. Nikamuuliza binti, mboga je? "Mboga zilishashuka na fuso jana usiku, baba." Yaani mimi napanda, kabichi inashuka, tumepishana Soni bila kusalimiana.

Kesho yake akapatikana kijana wa kututembeza, mchangamfu, anajua mambo. Akatueleza kwamba Wajerumani mji huu waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, na walipanda huku kukimbia joto na malaria ya mabondeni. Hapo nikaelewa mzizi wa matatizo yangu. Mjerumani katoka kwao kwenye theluji, joto kalikuta ukubwani, ana haki ya kulikimbia. Mimi nimezaliwa Temeke mwezi wa pili! Namkimbia nani? Kijana akatuonyesha na ua dogo la zambarau, akasema mwaka 1892 mkubwa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul, alipeleka mbegu zake kwao, na sasa limejaa madirishani Ulaya. Nikaliangalia lile ua kwa wivu. Lenyewe limepelekwa ndani, dirishani, kwenye jiko la kuota. Mimi niko nje.

Halafu akasema usiku wageni hulipia kutembea na tochi wakitafuta vinyonga. Kinyonga! Mnyama ambaye bibi yangu akimwona kwenye mchongoma anahama njia. Mama Zawadi ndiye aliyekataa safari hii, Mungu ambariki.

Irente sasa, penyewe pa kwenye picha. Kijana wa getini akadai kiingilio, nikatoa huku naumia, tukatembea hadi kwenye jabali. Mbele hakuna kitu, ni hewa tu. Ukichungulia, chini kabisa ndiyo Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu ya kwenda Moshi na vigari vinatambaa, na tambarare ya Wamasai inakwenda mpaka macho yanachoka. Pazuri, nisiwe mnafiki. Lakini nilichokuwa nakitazama ni nini? Ni joto! Ni kule kule bondeni nilikotaka kubaki na machungwa yangu, sasa nimelipa ili nikuone kwa mbali.

"Baba Zawadi, rudi nyuma kidogo, mawingu hayaonekani." Nikarudi. "Kidogo tena." Mama Zawadi, nyuma yangu kuna Mazinde. "Sasa mbona umenuna? Cheka basi." Katika hiyo picha nimeshika nyasi kwa mkono mmoja, na nyasi zenyewe zinaonekana zinang'oka. Kwenye stetasi yake kaandika: Mume wangu akifurahia maisha.

Siku ya kuondoka akanunua plamu, mapeasi, na kabichi kiroba kizima, eti huku bei rahisi. Konda akakiangalia kiroba, akasema hicho ni abiria, kilipiwe. Nikabishana hadi Soni, nikalipa. Mbezi wapiga debe wakadai chao cha kukishusha. Bajaji ya kwenda Mbagala ikaongeza chake. Nikafika nyumbani, nikapiga hesabu ya kila kabichi, nikaenda mpaka genge la mtaani kuulizia bei. Pale imeshafika, imeshamenywa majani mabovu, na nauli yake kalipa mtu mwingine.