Unaingia au Unatoka?

Kosa la kwanza lilikuwa jina. Mbwa wangu nilimwita Subiri, kwa sababu kila niliyemdokezea kwamba nataka kufuga mbwa alinijibu neno hilohilo: subiri umalize uzio. Sikusubiri. Nikamleta, nikampa jina hilo ili niwakomoe. Sikufikiria kwamba kuna siku nitakimbia barabarani na kandambili mguu mmoja, nikipiga kelele "Subiri! Subiri!", na kila anayenisikia atasimama isipokuwa mlengwa. Siku ile alisimama mwendesha baiskeli, wakasimama watoto watatu wa shule, akasimama na mama mmoja ambaye hata hakuwa akienda upande wetu. Mbwa alishakata kona.

Ni mbwa wa kilo 22, kifua chembamba, miguu mirefu. Uzio wangu ni wa wavu wa waya, ule wenye matundu ya sentimita tano, kimo mita 1.5. Kwa mbwa wa umbo lake ilitakiwa mita 1.8 kwenda juu, lakini wakati naujenga nilikuwa nawaza wezi, na wezi hawachimbi.

Yeye alianzia chini. Mbwa akitaka kuchimba huchagua kona, au ubavuni mwa geti, mahali anapopata harufu ya upande wa pili. Nikafukia shimo, nikalishindilia kwa miguu, nikaenda kulala na amani yangu. Kumbe udongo uliofukuliwa jana ni laini kuliko ambao haujaguswa. Shimo lililomchukua asubuhi nzima mara ya kwanza, mara ya pili alilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nikaweka mawe juu yake. Akayavuta moja moja na kuyapanga pembeni kwa adabu, kama fundi. Mawe husaidia pale tu yanapokuwa makubwa, yamezikwa nusu na kubanana na uzio. Ukiyaweka juujuu tu umempa mazoezi.

Ndipo nikasikia habari ya kulaza wavu chini. Nakumbuka nilivyojisikia mjanja, kwa kuwa niliwahi kufanya hivyohivyo kwenye banda la kuku. Nikanunua wavu mgumu usioshika kutu, upana sentimita 90, nikaukunja: sentimita 30 zikasimama na uzio, 60 zikalala juu ya ardhi. Nikaufunga kwenye uzio kwa waya laini, ule wa kufungia nondo, kila baada ya sentimita 15. Mita 14 nzima. Nikausimamia kwa vigingi vya nondo vya sentimita 30 vilivyopindwa kichwa kama bakora. Kazi safi kabisa, na yote nje ya uzio.

Banda la kuku adui yuko nje, ndiyo maana wavu hulazwa nje. Mbwa adui yuko ndani, tena anakutazama ukifanya kazi. Subiri alichimba upande wake kama kawaida, akapita chini ya uzio, akakuta wavu umemfunika, akauinua kwa mgongo mahali nilipokuwa nimeruka kigingi kimoja. Nikafungua mita 14, fundo moja baada ya jingine, nikahamishia ndani. Huko hufanya kazi kwa sababu ya tabia ya mbwa mwenyewe: anaanza kuchimba pale pua inapogusa uzio, anakutana na wavu, anasogea kushoto, anakutana nao tena. Mbwa hana desturi ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia sentimita 60 kutoka kwenye uzio. Ncha zote za waya zipindwe zielekee ardhini zisimkate miguu, halafu juu uweke udongo sentimita tano na nyasi ziotee humo. Nyasi zikishapenya kwenye matundu, hata wewe huung'oi. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa uchungu.

Akaacha kuchimba. Siku nne baadaye akapigiwa simu, yaani mimi nikapigiwa simu kwa niaba yake. Shingoni ana mkanda wenye kibati chenye namba yangu. Chini ya ngozi ana mikrochipu pia, kubwa kama punje ya mchele, lakini ile haina betri wala haioneshi mbwa yuko wapi; inasubiri mtu mwenye mashine ya kuisoma. Namba ya simu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kila wiki. Fundi cherehani wa kona ya pili alikwisha kuihifadhi kwa jina "Subiri Mbwa", na akipiga huwa hasalimii, anasema tu, "Amefika."

Safari hii alikuwa amepita juu. Watu hudhani mbwa huruka uzio kama swala. Wachache huruka hivyo. Wengi hufanya kazi mbili: anaruka hadi katikati, ananasa ukingo wa juu kwa miguu ya mbele, kisha anatembea na ile ya nyuma kwenye wavu hadi tumbo livuke. Na wavu wa matundu ya sentimita tano ni ngazi aliyojengewa na mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimeongeza ngazi nyingine mbili bila kujua: pipa la maji lililogusa uzio, na zile nguzo za mshazari zinazoshikilia nguzo ya kona. Pipa nililisogeza mita 1.5 kutoka kwenye uzio. Nguzo za mshazari nikazifunika kwa bati laini pande zote mbili za kona, mita moja kila upande, lisiwe na pa kukanyaga.

Halafu nikaweka bomba linalozunguka. Kifaa hiki ni rahisi na kinachekesha kukitazama. Unachukua bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita tano, unalipitisha ndani ya bomba la sentimita kumi, na ndani ya lile dogo unapitisha waya wa chuma uliosokotwa, unene milimita tatu. Waya unakazwa kati ya mikono miwili ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo, juu kidogo ya ukingo wa uzio, na unakazwa hasa, maana ukilegea bomba linaning'inia katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Mbwa akinasa juu, bomba la nje linazunguka, miguu inateleza, anarudi alikotoka bila kuumia. Mwanzoni nilibania senti nikatumia bomba moja bila la ndani. Likawa zito kuzunguka, akalishika vizuri, akanishukuru na kwenda kwa fundi. Nilipoongeza la pili nikaacha mwanya wa sentimita 20 kati ya kipande na kipande. Akapitia mwanyani. Mwanya uwe mwembamba kuliko unyayo wake, basi.

Sijasema kwa nini alikuwa akitoroka, kwa sababu nami nilichelewa kujiuliza. Daktari wa mifugo alimhasi, nikadhani mambo yameisha. Kuhasi hupunguza hamu ya kufuata majike, ingawa homoni huchukua wiki kadhaa kutoka mwilini na mazoea hayatoki kwa kisu. Siku moja nilimfuata kwa siri nione huyo jike ni nani. Nikamkuta amelala chini ya meza ya fundi, kichwa kando ya pedali, amefumba macho. Upweke tu. Mbwa aliyeachwa peke yake kutwa kwenye ua usio na kitu huchoka na ua. Nikaanza kumtembeza dakika 40 kabla sijaondoka, anuse kila anachotaka bila kuvutwavutwa, na nikamchimbia sanduku la mchanga la mita moja kwa mita moja na nusu, ninamofukia mifupa ya mpira na vipande vya chakula chake. Shimo ni haki yake. Nilichobadilisha ni mahali.

Likabaki geti, na hapa jina likanirudia. Namna ya kumfundisha ni hii: mbwa anakaa, unafungua geti sentimita kumi, akiinuka unafunga, akitulia unamtuza, kesho unafungua ishirini. Neno nililotumia bila kufikiri ni "subiri". Yeye alisikia anaitwa. Na kwa kuwa alishafundishwa vizuri kuja akiitwa, alikuja, nami nilikuwa nimesimama nje ya geti, mkononi nimeshika zawadi. Nilimpa. Siku sita nilifanya kazi kubwa ya kumfundisha kutoka nje kila geti likifunguka. Siku ya saba nikabadilisha neno likawa "kaa".

Na alipotoka sikumkimbiza tena. Ukimkimbiza mbwa kwake ni mchezo, na ana miguu minne. Unamwita mara moja kwa furaha, unageuka na kukimbilia nyumbani. Au unachuchumaa ukimpa ubavu na kupekua majani kana kwamba umeokota kitu kitamu. Nimepekua majani matupu kando ya barabara mpaka wapita njia wawili wakaja kuniuliza nimepoteza nini, nao wakachuchumaa kunisaidia. Mbwa alifika wa nne. Akifika hagombezwi hata kidogo, kwani ukimchapa aliporudi, anachojifunza ni kwamba kurudi ndiko kunakoleta fimbo.

Komeo la geti lilikuwa lile la kuinua, na alikuwa akiliinua kwa pua. Nikaling'oa. Nikaweka kitasa kinachojifunga chenyewe: ndani unazungusha kitufe kidogo cha mviringo ambacho pua haiwezi, nje lazima ufunguo. Kwenye bawaba nikaongeza springi, geti lijirudishe lenyewe kabla mbwa hajafika. Nililijaribu, likajifunga kwa sekunde tatu. Kilichobaki ni geti la pili la ndani, mita mbili nyuma ya la kwanza, ili moja lisifunguliwe kabla jingine halijafungwa. Mbao zilishafika. Zilikuwa zimelala barazani zikingoja Jumamosi.

Ijumaa jioni nilitoka nje kukagua vigingi. Nikahesabu sekunde tatu nyuma ya mgongo wangu, halafu geti likajifunga: kaa! Funguo zilikuwa mezani barazani. Simu ilikuwa mezani barazani. Subiri alikuwa chini ya meza hiyo barazani, ametulia, mbwa wa kupigiwa mfano. Ufunguo wa akiba nilimwachia mzee jirani, naye alikuwa ametoka tangu mchana.

Nilianzia chini, kama mwanafunzi wangu. Nikachimba kwa kijiti na kipande cha kigae kwenye kona ileile, mikono ikapita chini ya uzio, ikagonga wavu kwa ndani. Nikasukuma juu. Nyasi zilikuwa zimeshika. Nikasogea kushoto, nikaukuta tena. Subiri alikuja, akalala upande wa pili, akawa ananusa vidole vyangu kupitia matundu. Ninachokumbuka ni macho yake: yalikuwa ya mtu anayekufahamu.

Basi nikapanda. Nje hakuna bati, na vidole vya viatu viliingia kwenye matundu kwa taabu. Nikafika juu, nikalikumbatia bomba kwa mikono yote miwili. Kulijenga nililijenga vizuri. Nilizunguka nalo robo mzunguko, nikarudi chini kwa makalio. Mara ya pili nikasema nitapita karibu na nguzo, kwenye mkono wa chuma, mahali pasipozunguka. Nikalala kifudifudi juu ya uzio, nikavuka nusu, bomba likanigeuza, mkanda wa suruali ukanasa kwenye ncha ya ule mkono wa chuma, nikabaki nimening'inia kwa nje, mgongo kwenye uzio, miguu sentimita 30 kutoka ardhini. Kila nikijaribu kujivuta juu, bomba lilizunguka. Skrubu ya mkono ule nilikuwa nimeikaza mwenyewe, mara mbili, kwa ajili ya kilo 22.

Mzee jirani akatokea akitembea polepole na fimbo yake. Akasimama, akanitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akafikiri kidogo. "Sasa hapo, mwanangu, unaingia au unatoka?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema ufunguo anao mfukoni, na ndani ameona mbao barazani. Atafungua, alete moja nikanyage. Kabla sijamaliza kusema ahsante alikuwa ameshafika getini, ufunguo umeshaingia, geti linafunguka, na nyuma ya wavu nikasikia kucha za mtu zikipiga sakafu ya baraza kwa kasi.

Neno sahihi lilikuwa "kaa". Nililijua. Wiki mbili nzima nilikuwa nikilitumia.

"Subiri!" nikapiga kelele. "Subiri! Subiri!"

Mzee akasimama palepale, mkono juu ya geti lililo wazi. Aliyeitwa akaitika kwa kupita katikati ya miguu yake, akaja moja kwa moja hadi nilipokuwa nimening'inia, akalamba kiatu changu mara moja, kisha akashika njia ya kwa fundi.

"Nimesubiri," mzee akasema kutoka getini. "Sasa nifanyeje?"