Bahasha ya Kaki Ndani ya Canary Wharf

Sikubebwa na walinzi. Tuanzie hapo, maana naona voisi ya rafiki yangu yule Mkenya imeshafika mpaka kwenye magrupu ambayo mimi mwenyewe simo. Anasema nilitolewa benki mzobemzobe huku nimeng'ang'ania mkate. Kwanza yeye hakuwepo, alikuwa Leicester kitandani. Pili, niliondoka kwa miguu yangu, bahasha kwapani, na mlinzi mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango akanitakia siku njema. Mkate sikuushika. Ulikuwa umeshaisha.

Sasa msikilizeni mwenye tukio.

Mnaonifuata siku nyingi mnamjua mjomba wangu wa Tanga. Kwa wageni: amefanya kazi bandarini maisha yake yote, mambo ya forodha, na kwake yeye kitu kisichogongwa muhuri hakijatokea. Ndiye aliyesimamia dada yangu alipotafuta fildi kwenye benki fulani Dar. Dada akaandika barua, chuo kikagonga muhuri, barua ikaingia kwenye bahasha ya kaki, mwezi wa tano ikapelekwa mapokezi kwa mkono, mwezi wa saba dada yuko dirishani anahesabu hela za watu. Basi. Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo kuhusu benki na kiangazi.

Mimi nasoma uchumi huku Uingereza, nimemaliza mwaka wa kwanza juzi. Darasani nimekuwa nikisikia wenzangu wanataja intanshipu za kiangazi, yaani fildi ya huku, kwenye benki za uwekezaji. Wiki tisa au kumi, Juni mpaka Agosti, na wanakulipa. Viza yangu ya mwanafunzi inaniruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini likizo naweza kupiga kazi kutwa. Nikatulia nikapiga hesabu. Kiangazi ndicho hiki kinaingia. Mitihani imeisha. Nafasi zipo. Tatizo liko wapi?

Nikampigia mjomba.

"Mjomba, usitume kwa imeili," akaniambia. "Imeili haina sura. Nenda mwenyewe. Mtu akikuona umesimama mbele yake na bahasha, huruma itamwingia tu."

Mkenya naye, ambaye anasomea uuguzi na benki anaijua kwa kutoa pesa tu, akachochea kuni: "Yakhe, kwetu Mombasa atachimenti yaombwa vivyo hivyo. Enda!"

Huyo huyo ndiye mwenye voisi. Ndugu zangu, chagueni marafiki.

Bahasha niliiandaa, sitanii. Ndani kulikuwa na barua ya maombi, CV, matokeo ya kidato cha sita, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na picha mbili za pasipoti, zile za bluu nyuma. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa tu ndiyo iliyokosekana, kwa sababu mpaka leo sijajua huku mjumbe wa nyumba kumi anakaa wapi. Muhuri ndio ulionisumbua. Mama wa ofisi ya kitivo aliniuliza muhuri wa nini, nikamweleza, akaniuliza tena, nikamweleza tena, akafungua droo zote kwa heshima tu, hakuna. Nikaishia maktaba. Kijana wa zamu akanigongea aliokuwa nao, mwekundu, ukakaa vizuri kabisa pembeni ya sahihi yangu. Sikuusoma. Muhuri ni muhuri.

Jumapili nikalala kwa jamaa mashariki mwa London, Jumatatu asubuhi nikapanda ile treni ya DLR isiyo na dereva. Nilikaa kiti cha mbele kabisa, nikajiendesha mwenyewe mpaka Canary Wharf. Kama hamjafika, pale zamani palikuwa bandari. Magati yake ya kwanza yalifunguliwa 1802, meli zinashusha sukari na ramu kutoka Karibi. Maji yamebaki, magati yamebaki, ila juu yake sasa wamepanda mabenki. Nikampigia picha mjomba. Akajibu papo hapo: "Hapo bandarini. Hapo kwetu."

Nikaingia kifua mbele.

Benki siitaji. Jengo la vioo, sakafu inateleza, watu wa mapokezi wanatabasamu kabla hujafungua mdomo. Mmoja akaniwahi: "Umekuja kwa ajili ya programu ya kiangazi?"

Jamani. Mngekuwa nyie mngejibu nini? Nikasema ndiyo.

"Karibu sana! Ungana na wenzako kule."

Kule kulikuwa na ukumbi wa chini, kabla ya yale mageti ya kadi, umejaa vijana wa rika langu wamevaa suti nyeusi na bluu. Nikajua hao ndio washindani wangu, wameleta maombi. Nikawakagua mikononi mmoja mmoja. Hakuna mwenye bahasha! Nikawaonea huruma. Watoto wa watu, wamefundishwa na nani, wanakuja kuomba kazi mikono mitupu?

Kisha nikaona meza ya chai. Kahawa, matunda yaliyokatwa, kroasanti za moto. Nikasema moyoni, hawa wazungu bwana, barua hata hawajaipokea na tayari wanakulisha. Nikachukua kroasanti. Nikapiga picha. Nikaiweka status.

Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu ile status ndiyo iliyoniua. Niliandika: "Siku ya kwanza. Mungu ni mwema." Nilimaanisha siku ya kwanza ya kutafuta.

Dada mmoja mcheshi akasogea, tukaongea.

"Umepangiwa timu gani?"

"Bado hawajaniambia."

"Pole! Mimi niliambiwa tangu Aprili." Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Ulifanya ile wiki ya Pasaka hapa hapa?"

"Hapana, Pasaka nilikuwa bwenini, nilipika pilau."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika, akaniambia mimi ni mchekeshaji. Nikacheka naye. Nikaongeza kroasanti ya pili.

Sasa akaja dada wa rasilimali watu na orodha yake. Pembeni kuna meza imepangwa vitambulisho vya kuvaa shingoni, vina kamba ya bluu, vimelala kwa mpangilio wa majina. Akaanza kuita. A. B. C. Unaitwa, unakwenda, unavalishwa, unapigiwa makofi kidogo, unahamia upande wa pili karibu na mageti. Nikapenda utaratibu. Nilichojiuliza ni wamejuaje jina langu, nikajijibu kwamba pale mlangoni kuna kamera, na hawa watu wana teknolojia.

Mimi jina langu la ukoo linaanzia na Mw. Nimekaa huku mwaka mzima, najua Mwingereza akikutana na Mw anavyofanya: anasimama, anavuta pumzi, anajipanga. Kwa hiyo nilikuwa nasubiri ile pumzi.

K zikaisha. L zikaisha. Dada akafika mahali, akasimama. Akavuta pumzi.

Nikajua ndiyo mimi.

Akasema, "Em... Mu... Mwa..." Akanyanyua uso akatabasamu kuomba radhi. Nami nikamrudishia tabasamu la kumwondoa wasiwasi, nikaanza kutembea. Nilitembea polepole, kwa staha, bahasha mkono wa kushoto, kroasanti nimeibana kwenye mkono huo huo, mkono wa kulia nimeuachia nafasi ya kupokea. Nikaona makofi yameanza. Nikainamisha kichwa kushukuru. Nikafika mezani, nikanyoosha mkono, nikakishika kitambulisho.

Na mkono mwingine ukakishika.

Mkono mrefu, una saa nzuri. Nikafuata mkono ule mpaka begani, nikafuata bega mpaka usoni. Kijana mweusi mrefu, mtulivu, ananitazama kwa mshangao. Mzambia, ndugu zangu. Wazambia nao wana Mw zao, na mimi hilo halikuwahi kunijia akilini hata siku moja!

Makofi yakapungua. Hayakukatika yote pamoja, hapana. Yalikufa mojamoja, na kuna mtu nyuma kule alichelewa kupata habari akaendelea kupiga peke yake.

Sote wawili tumeshika kamba. Yeye hakuvuta, mimi sikuachia. Kitambulisho kikajigeuza taratibu pale hewani na kutuonyesha picha. Picha ya Mzambia, anatabasamu, meno yote. Dada wa rasilimali watu akaiangalia picha. Akamwangalia Mzambia. Akaniangalia mimi. Akarudi kwenye picha, nadhani ili asije akaonekana amekosea kwa sababu ya rangi. Nikaona kabisa anavyoteseka, na bado sikuachia kamba.

"Na wewe ni...?"

Kwa mara ya kwanza nikatazama ukumbi vizuri. Wenye vitambulisho upande ule. Upande huu N mpaka Z, wamekaa tayari. Na mimi katikati kama ng'ombe aliyesahauliwa mnadani. Nikaachia kamba. Nikaishika bahasha kwa mikono miwili, kwa adabu niliyofunzwa nyumbani, nikapiga goti kidogo, nikamkabidhi.

"Nimeleta maombi."

"Maombi ya nini?"

"Ya kiangazi."

"Kiangazi kinachoanza...?"

Nikawatazama wale vijana na kamba zao. "Leo, naona."

Siagi ya kroasanti ilikuwa imelowesha kona ya bahasha mpaka ikawa dirisha, na kwenye dirisha hilo ilionekana sura yangu ya pasipoti ikimkodolea macho. Dada akaifungua. Picha zikadondoka sakafuni, Mzambia akainama akaniokotea, Mungu ambariki. Dada akasoma barua, macho yakafika kwenye muhuri, yakaganda hapo. Nami ndipo nikausoma. Ulikuwa wa maktaba, ule wa tarehe ya kurudisha.

Akauliza kwa upole kabisa: "Hii ni barua, au ni kitabu?"

Kicheko kilichotoka ukumbini sikielezi. Yule dada wa pilau alicheka kuliko wote. Alikuwa na haki, alishanitambua tangu mwanzo.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Dada wa watu alimwachia mwenzake orodha, akanikalisha pembeni, akaniuliza nasoma mwaka wa ngapi. Nikasema nimemaliza wa kwanza. Akaniambia hawa wengi wamemaliza wa pili, wamebakiza mwaka mmoja, na fomu walijaza Septemba iliyopita, wengine Agosti. Nikamuuliza Septemba ipi. Akasema ile ya kabla ya Krismasi. Yaani watu waliomba kazi ya jua hata baridi haijaingia! Akasema siku ya mwisho ya kutuma fomu inaweza kuandikwa Novemba, lakini maombi wanayasoma kadiri yanavyoingia, kwa hiyo ukisubiri siku ya mwisho unakuta viti vimekaliwa. Kisha kuna mtihani wa hesabu kwenye kompyuta, kuna usaili wa kujirekodi video unaongea na sura yako mwenyewe bila mtu wa kukutikisia kichwa, halafu siku nzima ya usaili ana kwa ana. Mtu kama mimi wa mwaka wa kwanza, kilichokuwa changu ni ile wiki ya Pasaka, ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuja kuonja kazi ya benki, na baadhi ya wanaoipita wanakwenda moja kwa moja kwenye usaili wa kiangazi kinachofuata. Fomu zake zilikuwa wazi Septemba na Oktoba. Oktoba mimi nilikuwa bado najifunza kuwasha hita.

"Kwa hiyo nimechelewa?"

"Kwa mwaka huu, umechelewa kama miezi tisa."

"Na wa mwakani?"

"Huo fomu bado hatujafungua. Anza kuchungulia tovuti zetu kuanzia Julai."

Kumbe nimewahi! Mjomba nilimpa sehemu hiyo tu ya habari, nikamwambia wamesema wa mwakani mimi ndiye wa kwanza kufika. Akaniambia, "Unaona?"

Mkenya ana binamu yake Marekani, anasema kule ni balaa zaidi. Benki kubwa za New York zinawasaili wa mwaka wa pili zaidi ya mwaka mzima kabla ya kiangazi chenyewe. Kijana anajua Juni ya mwakani atakaa ghorofa ya ngapi, ya mwaka huu hajui atakula nini. Hiyo habari angeweza kunipa Jumapili. Amenipa jana, baada ya voisi.

Mzambia alinifuata mlangoni akanipa namba yake, ameniahidi kuniangalizia CV. Ameniomba kwa heshima niondoe cheti cha kuzaliwa.

Sasa ile status. Nilipotoka nje na kushika simu ili niifute, ukoo mzima ulikuwa umeshaiona. Mama ameshamwambia mchungaji. Dada ameandika "bosi". Baba mdogo anauliza benki yetu ina tawi Muheza. Na shangazi wa Korogwe ameshaniletea ombi la mkopo wa mashine ya kusaga, limegongwa muhuri na mtendaji, na ameambatanisha picha mbili za pasipoti.